Maigizo Bila Kiingilio: Miaka Sitini ya Kikundi cha Safari cha Makerere na Urithi Wake, 1965–2025

Kikundi cha Maigizo ya Safari cha Makerere, kilichofahamika kwa jina rasmi la Makerere Free Travelling Theatre, kilianzishwa mwaka 1965 na wahadhiri na wanafunzi wa chuo cha Makerere mjini Kampala, kwa nia ya kuwapelekea watu wa miji midogo na vijiji michezo ya kuigiza bila kuwatoza kiingilio na, kadiri ilivyowezekana, kwa lugha walizozungumza wenyewe. Historia hii inaandikwa katika kutimia kwa miaka sitini tangu ziara ya kwanza, na inawalenga hasa wasomaji wa Arua, Koboko na Kuluva, ambako suala la chuo kikuu kushirikiana na wenyeji katika burudani ya vijana limepata uzito mpya tangu eneo la Nile Magharibi lilipopata chuo kikuu cha umma. Kwa burudani hapa kunakusudiwa shughuli zote ambazo kijana hujiingiza kwa hiari baada ya shamba, darasa au kazi, yaani ngoma, muziki, mpira, mashindano na maigizo. Kwa ushirikiano kunakusudiwa uhusiano ambao kila upande huleta kitu ambacho upande mwingine hauna, na ni kwa kipimo hicho cha pili, kilicho kigumu kuliko cha kwanza, kwamba kazi ya miaka hii sitini inapimwa katika kurasa zinazofuata.

Haja iliyotangulia, 1922–1962

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika, na mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichotoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Kupanda huko kwa hadhi kulikuwa na gharama yake, kwa kuwa kadiri chuo kilivyokaribia viwango vya Uingereza ndivyo kilivyojitenga na watu walioishi chini ya kilima chake, na maigizo yaliyochezwa humo katika mashindano ya Kiingereza baina ya mabweni yalikuwa ya wanafunzi kwa wanafunzi. Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa Kampala mwaka 1959, halikubadili hali hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu lilikuwa jumba la tiketi katika mji mkuu. Hata mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o uitwao *The Black Hermit*, ulioonyeshwa humo Novemba 1962 katika shamrashamra za uhuru wa Uganda, ulizungumza juu ya kijiji, lakini ulizungumza kwa Kiingereza na mbele ya watu walioweza kufika mjini.

Njia ya kutoka nje ilikuwa imekwisha kufunguliwa na kitengo kingine cha chuo hichohicho. Mwaka 1953 Makerere iliunda Idara ya Masomo ya Nje, iliyokuwa na jukumu la kufundisha watu wasiosajiliwa kama wanafunzi, na ambayo iliweka wakufunzi wakazi, yaani waalimu wa chuo walioishi mikoani mwaka mzima badala ya kwenda huko kwa ziara. Idara hiyo haikuundwa kwa ajili ya burudani, ila ilikuja kuwa na mkufunzi mmoja aliyeamini kwamba elimu ya watu wazima isiyo na ngoma ndani yake ni nusu ya elimu.

Gulu na Kisumu: mkufunzi aliyecheza mpira, 1963–1968

Okot p'Bitek alikwenda Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji wa timu ya taifa ya Uganda, timu ambayo baadhi ya wachezaji wake walisakata kabumbu miguu mitupu mbele ya watazamaji wa Kiingereza, na ziara ilipokwisha akabaki huko kusoma elimu huko Bristol, sheria huko Aberystwyth na hatimaye anthropolojia ya jamii huko Oxford, alikoandika tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Aliporudi katikati ya miaka ya 1960 na kuwa mkufunzi wa Idara ya Masomo ya Nje huko Gulu, hakuishia kwenye mihadhara ya jioni, bali alianzisha tamasha la sanaa ambamo ngoma, nyimbo na masimulizi ya wenyeji vilipewa jukwaa kama vitu vinavyostahili kutazamwa na kujadiliwa. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1966, alichapisha *Song of Lawino*, na mwaka huo akachukua uongozi wa Kituo cha Taifa cha Utamaduni cha Uganda, kituo kinachomiliki lile jumba la tiketi la Kampala. Baada ya kuondolewa katika wadhifa huo alihamia magharibi mwa Kenya, ambako kwa kofia ileile ya ukufunzi wa masomo ya nje, safari hii chini ya chuo cha Nairobi, alisaidia kuanzisha tamasha la sanaa la Kisumu mwaka 1968.

Mfano wa Gulu unastahili kupewa nafasi kubwa katika historia hii, ingawa hautajwi sana pale Kikundi cha Safari kinapokumbukwa, kwa sababu ulikuwa na sifa moja ambayo Kikundi hakikuwa nayo: mkufunzi alikaa. Vijana waliocheza ngoma katika tamasha walikuwa majirani zake, na kazi ya mtu wa chuo haikuwa kuwaletea burudani, ambayo walikuwa nayo tangu mababu, bali kuipa ratiba, uwanja na heshima mbele ya shule na misheni zilizokuwa zikiitazama kwa jicho la mashaka.

Ziara za mwanzo, 1965–1970

Kikundi cha Safari kilizaliwa katika Idara ya Kiingereza. Waasisi wake walikuwa David Cook, mhadhiri wa Kiingereza aliyejulikana pia kwa kuhariri maandishi ya wanafunzi wake katika mkusanyiko wa *Origin East Africa* wa mwaka 1965, na mwenzake Betty Baker. Wazo lenyewe halikuwa geni barani, kwani wanafunzi wa Ibadan nchini Nigeria walikuwa wamekwisha kuanza safari za maigizo mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini Makerere iliongeza mambo mawili ambayo ndiyo yaliyoipa kazi hiyo sura yake, nayo ni kuondoa kiingilio na kucheza kwa lugha zaidi ya moja.

Kuondoa kiingilio kulikuwa uamuzi wa kisanaa kama ulivyokuwa wa kifedha, kwa maana pasipo lango la kulipia hapakuwa na haja ya ukuta, na pasipo ukuta mchezo uliweza kuchezwa uwanjani, shuleni au katika ukumbi wa jamii, mbele ya yeyote aliyepita njia. Hali hiyo ilidai michezo mifupi, vifaa vichache na sauti zinazofika mbali. Ilimdai pia mwigizaji awe tayari kwa hadhira inayojibu, inayocheka mahali ambapo mwandishi hakutarajia kicheko, na inayoondoka ikichoshwa, jambo ambalo mwenye tiketi iliyolipiwa hulifanya mara chache.

Upande wa lugha, programu za Kikundi zilichanganya Kiingereza na lugha za Kiafrika, zikiwemo Kiganda, Kinyoro-Kitooro na Kiswahili. Nchini Uganda uchaguzi wa Kiswahili haukuwa jambo dogo, kwa kuwa katika sehemu za kusini lugha hiyo ilinasibishwa na kambi za jeshi na polisi na wengi waliisikia kwa wasiwasi, ilhali kaskazini, mashariki mwa nchi na katika njia za biashara zinazoelekea Kongo ilikuwa lugha ya soko, ya kituo cha basi na ya vijana wa makabila tofauti waliokutana. Kiswahili pia ndicho kilichoiwezesha safari kuvuka mpaka na kuingia Kenya. Mwanafunzi aliyezoea kusifiwa kwa Kiingereza chake chuoni alijikuta akijifunza upya namna ya kusema mbele ya watu ambao sifa hiyo haikuwagusa, na huenda hilo ndilo lililokuwa somo kubwa zaidi la ziara, hata kama halikuandikwa katika mtaala wowote.

Kikundi kilitegemea likizo ndefu ya chuo, wakati wanafunzi walipokuwa huru, na kwa hiyo kila ziara ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana. Miongoni mwa waliopita humo wakiwa wanafunzi ni John Ruganda, ambaye baadaye aliandika *The Burdens*, na Rose Mbowa, ambaye jina lake litarudi mbele. Repertoa, yaani hazina ya michezo iliyokuwa tayari kuchezwa, ilitegemea kazi fupi fupi, na ukosefu wa kazi hizo ulisukuma uandishi mpya. Mwaka 1968 David Cook na Miles Lee walichapisha mkusanyiko wa michezo mifupi ya Afrika Mashariki, na ndani yake umo *The Exodus* wa Tom Omara, unaotokana na simulizi la Waluo juu ya ndugu Labongo na Gipir waliotengana kwa ugomvi wa mkuki na ushanga. Msomaji wa Nile Magharibi hahitaji kuelezwa simulizi hilo, kwa kuwa mahali pa utengano huo huonyeshwa karibu na Pakwach, ambako inasemekana shoka lilizikwa na ndugu wakaachana, mmoja akibaki upande wa mashariki wa mto na mwingine akivuka kwenda magharibi kwa watu wanaoitwa leo Waaluri.

Miaka ya dhiki na mtawanyiko, 1971–1986

Tarehe 1 Julai 1970 Makerere ikawa chuo kikuu kinachojitegemea, baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoiunganisha na Nairobi na Dar es Salaam kuvunjwa. Mwaka 1971 chuo kilianzisha Idara ya Muziki, Ngoma na Maigizo, ambayo ilifanya kuwa taaluma kile kilichokuwa kazi ya likizo, na huo ungeweza kuwa mwanzo wa kipindi cha neema, lakini Januari ya mwaka huohuo jeshi chini ya Idi Amin lilikuwa limetwaa serikali. Mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena, na mwaka 1977 Byron Kawadwa, mkurugenzi wa sanaa wa Jumba la Taifa la Maonyesho, aliuawa muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la sanaa za Kiafrika la Lagos. Katika nchi ambayo mkusanyiko wa watu uwanjani ulitazamwa kwa hofu na petroli ilikuwa adimu, maigizo ya safari yalinyauka. Idara ya Masomo ya Nje nayo ilibadilishwa jina mwaka 1973 na kuwa Kituo cha Elimu Endelevu.

Wazo hata hivyo lilikuwa limekwisha kuhama na watu. Nairobi ilipata kikundi chake cha maigizo ya safari bila kiingilio katika miaka ya 1970, kwa juhudi za Ruganda aliyekuwa amehamia huko, na Chuo Kikuu cha Zambia kilianza kazi ya Chikwakwa mwaka 1971. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wasomi wa Nairobi wakiwemo Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikwenda hatua moja zaidi, kwani wakulima na wafanyakazi wa kijiji hawakuwa watazamaji tena bali walirekebisha mchezo, waliujengea jukwaa la wazi na kuucheza wao wenyewe kwa Kikikuyu mwaka 1977, hadi serikali ilipoupiga marufuku baada ya wiki sita na baadaye, mwaka 1982, kulibomoa jukwaa lenyewe.

Dar es Salaam ilifuata mkondo huo kwa utulivu zaidi. Kati ya mwaka 1982 na 1983 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi Malya, wilayani Kwimba, kwa utaratibu uliokuja kuitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambapo wataalamu hukaa na wenyeji, huchunguza nao matatizo yanayowasumbua, kisha vijana wa kijiji hutunga kwa ngoma na maigizo yao onyesho linalofuatiwa na mjadala. Masuala ya vijana ndiyo yaliyojitokeza huko. Kutokana na uzoefu wa namna hiyo, chuo hicho kilizaa mwaka 1996 mradi wa Tuseme, uliowapa wasichana wa shule za sekondari nafasi ya kuyasema kwa maigizo yale yanayowazuia kusoma, na ambao baadaye Jukwaa la Wanawake wa Afrika Waelimishaji, maarufu kwa kifupisho cha FAWE, liliupeleka katika nchi nyingine za Afrika.

Kurudi Uganda, 1986–2012

Amani iliporejea katika sehemu kubwa ya nchi, mwanafunzi wa zamani wa ziara ndiye aliyeshika usukani. Rose Mbowa, akiwa mhadhiri na baadaye kiongozi wa Idara ya Muziki, Ngoma na Maigizo, alitunga mwaka 1987 *Mother Uganda and Her Children*, mchezo uliosukwa kwa ngoma na nyimbo za jamii mbalimbali za Uganda na ambao ulijadili umoja katika nchi iliyotoka vitani. Hadi kifo chake mwaka 1999 aliendeleza maigizo ya kijamii, hasa katika miaka ambayo ukimwi uliwalazimu walimu, waganga na wasanii kutafuta namna ya kuzungumza na vijana bila kuwahubiria. Mafunzo ya watu wazima nayo yaliunganishwa mwaka 1992 katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Elimu Endelevu.

Tukio lililopita bila kelele nyingi lilikuwa kuanzishwa, mwaka 2009, kwa hifadhi ya sauti na picha ya Makerere yenye jina la Klaus Wachsmann, mtunzaji wa zamani wa Makumbusho ya Uganda aliyezunguka nchi nzima mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akirekodi muziki. Nakala za rekodi hizo, ambazo kwa miongo mingi zilikuwa London, zilirudishwa Kampala kwa ushirikiano na Maktaba ya Uingereza.

| Mwaka | Hatua |
|---|---|
| 1922 | Makerere yaanza kama shule ya ufundi |
| 1953 | Idara ya Masomo ya Nje yaundwa |
| 1959 | Jumba la Taifa la Maonyesho lafunguliwa Kampala |
| 1965 | Kikundi cha Maigizo ya Safari chaanzishwa |
| 1968 | Tamasha la sanaa la Kisumu |
| 1971 | Idara ya Muziki, Ngoma na Maigizo yaanzishwa Makerere |
| 1973 | Masomo ya Nje yawa Kituo cha Elimu Endelevu |
| 1982–1983 | Kazi ya Malya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam |
| 1987 | *Mother Uganda and Her Children* |
| 1996 | Mradi wa Tuseme waanza Tanzania |
| 2009 | Hifadhi ya Wachsmann yaanzishwa Makerere |
| 2013 | Chuo Kikuu cha Muni chaanzishwa Arua |

Nile Magharibi: Kuluva, Arua na Koboko

Ushirikiano wa Makerere na watu wa Nile Magharibi una historia yake, ingawa ulianzia hospitalini. Kuluva, kilomita chache kusini mwa Arua kwenye barabara ya Nebbi, ilikuwa na hospitali ya misheni iliyoendeshwa na madaktari ndugu, Ted na Peter Williams, na ni Ted Williams aliyefuatana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, hospitali ya mafunzo ya Makerere, mwaka 1961 katika safari ya wiki kumi kupitia nchi nyingi za Afrika kutafuta mipaka ya uvimbe wa taya unaowapata watoto. Rejista za Kuluva, zilizoandikwa kwa subira na kuonyesha kila mtoto alikotoka, ziliwawezesha watafiti kuonyesha mwaka 1967 kwamba ugonjwa huo ulijitokeza kwa mafungu, mahali fulani na wakati fulani, na kati ya mwaka 1972 na 1974 sampuli za damu za watoto wapatao 42,000 wa eneo hilo zilikusanywa kwa uchunguzi wa kimataifa wa chanzo chake. Hapo chuo ndicho kilichokuja kujifunza, na wenyeji ndio waliokuwa na kitu cha kutoa. Katika burudani mwelekeo huo ulichelewa kueleweka, kana kwamba ngoma ya kijiji ina thamani ndogo kuliko daftari la hospitali.

Vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali ya Amin mwaka 1979 viliwatawanya wakazi wengi wa Arua na Koboko hadi Kongo na Sudan, na kizazi kizima cha vijana kilikulia ugenini kabla ya kurejea. Pamoja na hasara yake kubwa, maisha hayo yaliimarisha Kiswahili, Lingala na Kinubi kando ya Kilugbara na Kikakwa, na leo kijana wa Koboko, wilaya inayogusana na Kongo na Sudan Kusini, huhitaji lugha mbili au tatu ili aelewane na wachezaji wenzake katika timu moja ya mpira. Wenyeji hawakusubiri chuo kikuu kuwaandalia burudani. Waaluri wana agwara, ngoma ya baragumu zinazopokezana sauti, na adungu, kinubi cha nyuzi kilichoenea katika makanisa na arusi. Kinanda cha Wamadi cha o'di kiliingizwa mwaka 2016 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mwaka huohuo klabu ya Onduparaka, iliyoanza kama timu ya kijiji kando ya Arua, ilipanda hadi ligi kuu ya Uganda na kuufanya uwanja wake wa Green Light kuwa mahali pa hija kwa mashabiki wa eneo zima. Tena mwaka 2016 makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Yumbe kwa ajili ya watu waliotoka Sudan Kusini, yakafikia zaidi ya watu 200,000, wengi wao watoto na vijana, na humo kimejengwa kituo cha sanaa za maonyesho chenye jukwaa na nafasi ya muziki.

Katika mazingira hayo Chuo Kikuu cha Muni kilianzishwa mwaka 2013 kama chuo cha umma, juu ya kilima cha Muni, chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Christine Dranzoa, mtaalamu wa wanyama wa kabila la Wamadi, aliyekiongoza hadi kifo chake mwaka 2022. Muni hakina idara ya maigizo yenye historia kama ya Makerere, na pengine huo si upungufu mkubwa, kwa kuwa tatizo lililowashinda waasisi wa mwaka 1965 halikuwa uhaba wa waigizaji. Kutotoza kiingilio kulimaanisha kwamba mafuta ya gari, chakula na malazi ya kila usiku vililipwa na chuo au wafadhili, na kwamba ziara ilikwisha fedha zilipokwisha, mara nyingi kabla kijiji hakijapata nafasi ya kujibu. Kutoka Kampala hadi Arua ni mwendo wa kilomita zinazokaribia 500. Kutoka Muni hadi Kuluva mwanafunzi anaweza kwenda jioni na kurudi usiku huohuo, na kwenda tena wiki inayofuata.